Makorongo, visiki na mvua ya Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uharibifu wa ardhi

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka, mengine mashambani Kondoa, Kongwa na Chamwino, mengine kwenye mikutano ya vijiji, na mengine kutoka kwa vijana walioko mjini ambao wamerithi shamba na hawajui walifanyeje. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumesimama ukingoni mwa korongo. Mifano mingi ni ya Tanzania ya kati kwa sababu ndiko ninakokujua, ila mkulima wa Kitui au wa Shinyanga ataona mambo anayoyafahamu.

Ardhi huharibikaje wakati shamba bado lipo palepale?

Shamba lipo, lakini kilichokuwa kinakulisha kinaweza kuwa kimeshaondoka. Mazao yanaishi kwa tabaka la juu la udongo, lile jeusi au la kahawia lililochanganyika na majani yaliyooza. Kwenye mashamba mengi ya Dodoma tabaka hilo halizidi urefu wa kiganja. Mvua hulibandua kidogo kidogo. Milimita moja ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja ni meta 10 za ujazo, yaani zaidi ya tani 10, na hakuna mkulima atakayeiona kwa macho. Atakachokiona ni mahindi ya njano miaka michache baadaye, kisha atalaumu mbegu.

Mimi nilielewa vizuri siku nilipokinga maji ya mtaro kwenye chupa ya lita moja na nusu baada ya mvua ya Januari. Niliiweka dirishani ikalala. Asubuhi nilikuta chini mchanga, juu yake tope jekundu la unene wa vidole viwili, na juu kabisa kitelezi laini kama uji wa ulezi uliopoa. Kitelezi kile ndicho hubeba sehemu kubwa ya rutuba, na chupa ile ilijaa kwa kufumba na kufumbua. Nilisimama pale nikawaza chupa ngapi zimepita usiku ule.

Dalili za mwanzo ni zipi, kabla korongo halijatokea?

Angalia mizizi ya miti. Mti hauoti mizizi ikiwa hewani, kwa hiyo kiasi cha mzizi ulioko wazi ni kiasi cha udongo ulioondoka tangu mti uote. Kuna bibi mmoja Kondoa aliyenishika mkono akanipeleka kwenye mkwaju nyuma ya nyumba yake. Mizizi ilikuwa juu ya ardhi, mtoto angeweza kupita chini yake. Akaniambia, "Mwanangu, nilipoolewa hapa mizizi hii hakuna aliyeijua." Nilipima kwa mpini wa jembe, ukaingia zaidi ya nusu.

Dalili nyingine: mawe yanazidi kila msimu kana kwamba yanaota, udongo unafanya ngozi ngumu ambayo mche wa mtama unashindwa kuipasua, vijia vya maji vyembamba kama mistari ya daftari vinabaki shambani baada ya mvua, na kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mizizi ya mazao, kinaanza kunyonya mtama wako. Kiduha hupenda udongo uliochoka. Ukikiona, king'oe kabla hakijatoa maua, lakini ujue kwamba tatizo lenyewe liko chini ya miguu yako.

Kosa ni la nani: mvua, ng'ombe au wingi wa watu?

Mvua ya Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo vichache. Piga hesabu mwenyewe. Milimita 30 zikinyesha alasiri moja juu ya ekari moja, hizo ni lita zipatazo 120,000. Ardhi yenye majani, magugu makavu na mizizi huyanywa maji mengi. Ardhi iliyokwanguliwa huyaacha yakimbie, nayo hukimbia na udongo. Kwa hiyo mvua ni ileile, kilichobadilika ni mapokezi yake.

Mapokezi hayo tunayaharibu kwa njia tunazozijua sote: kulima kufuata mteremko kwa sababu ng'ombe wa plau wanachoka kuukata, kuchoma mabua, kuchunga mahali pamoja mpaka majani yanaisha na njia ya mifugo inakuwa mfereji, kukata mti na kuchoma kisiki chake. Barabara nazo zimo. Karavati moja likimwaga maji ya barabara nzima kwenye shamba la mtu, korongo litapatikana ndani ya misimu michache.

Wala si jambo la wakulima wadogo peke yao. Kongwa, Waingereza walileta Mpango wa Karanga mwaka 1947 wakiwa na matrekta makubwa ya kung'oa vichaka. Udongo ulipobaki wazi uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, karanga zikashindwa hata kuchimbuliwa, na mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Walikuwa na fedha na mashine, ila hawakuwa wamemuuliza Mgogo mvua yake inanyeshaje.

Na kuhusu wingi wa watu, ninakuomba uitazame Machakos, Kenya. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi ile inaelekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka karibu mara tano, na milima ileile ilikuwa imefunikwa na matuta, miti na mashamba yanayozaa kuliko zamani. Mikono mingi iliharibu, kisha mikono mingi zaidi ikatengeneza. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia watu ndio tatizo.

Ni kweli Kondoa serikali iliwahi kuondoa mifugo yote?

Ni kweli. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Miaka ya kwanza walichimba makinga maji, yaani mifereji na matuta ya kuzuia maji yasikimbie, kwa matrekta na kupanda miti, lakini mifugo ilikuwa ikipita nyuma yao. Mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waondoke kwenye eneo lote lililoathirika la vilima vya Irangi, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Makumi ya maelfu ya mifugo yakahamishwa.

Matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Majani yalirudi haraka kuliko wataalamu walivyotarajia, vichaka vikafuata, na makorongo mengi yakatulia yakaota nyasi ndani. Aliyeziona picha za zamani za Haubi, huko Kondoa, akafika leo atadhani amepotea njia.

Lakini watu wanaposema "basi tufanye hivyo kila mahali", mimi ninakataa. Familia zilikosa maziwa, samadi na mahari kwa uamuzi wa siku moja. Mifugo haikufutika duniani, ilikwenda kwa ndugu na jamaa wilaya za jirani, na mzigo ukahamia kwenye ardhi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani waliporuhusiwa, na hapo ndipo wengi walipoanza kuona kwamba ardhi iliyopona inaweza kuwa yao. Ningetamani banda hilo lingetangulia amri.

Kuna funzo la zamani zaidi la aina hii. Mwaka 1955 Waluguru wa Morogoro waliandamana kupinga matuta ya lazima ya serikali ya kikoloni. Matuta yale yalikuwa kazi ya sulubu, na mahali pengi yalipandisha juu udongo usio na rutuba. Ukikutana na mzee anayenuna ukitaja neno matuta, msikilize kwanza.

Ngitili ni nini, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Ngitili ni malisho yaliyofungwa. Wasukuma wa tangu zamani walikuwa wakitenga kipande cha ardhi mvua zinapoanza, hakichungwi, nyasi zinasimama, kisha kinafunguliwa kiangazi kikikaza kwa ajili ya ndama, ng'ombe wazee na maksai. Kila kaya ilikuwa na yake, na ukoo au kijiji nacho kilikuwa na yake.

Shinyanga iliharibiwa kwa hatua. Misitu ilifyekwa ili kuua mbung'o, kisha pamba ikaenea, kisha vijiji vya ujamaa vikawatoa watu mbali na ngitili zao. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wafanyakazi wake waliuliza watu walikuwa wakifanya nini zamani, wakaambiwa ngitili. Wakati huo zilizobaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka isiyofika ishirini baadaye zilihesabiwa hekta zaidi ya 300,000.

Zilizozilinda hazikuwa bunduki za askari wa misitu. Dagashida, yaani baraza la jadi, liliweka kanuni na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakazisimamia. Mchungaji aliyekamatwa ndani ya ngitili alijua atakabiliana na wajomba zake. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko hesabu ya hekta.

Kisiki hai ni nini? Je, si kupanda miti?

Siyo kupanda. Ni kuuacha mti uliokwishakatwa uinuke tena. Chini ya mashamba mengi yanayoonekana matupu kuna mizizi hai ya mgunga, mninga, mkwaju na mingine. Kila mwaka inachipua kichaka kidogo, na kila mwaka mwenye shamba anakifyeka au mbuzi wanakimaliza. Mtu anaona magugu, kumbe ni mti wenye mizizi ya miaka thelathini unaoomba nafasi.

Njia hii ilipata umaarufu nchini Niger, ambako Tony Rinaudo, Mwaustralia, alianza kuihimiza miaka ya 1980 baada ya kuona miche anayoipanda inakufa karibu yote. Leo inakadiriwa hekta milioni 5 za Niger zimerudishwa miti kwa namna hiyo. Hapa Dodoma shirika la LEAD Foundation limeieneza vijijini kwa jina hilihili la kisiki hai, kwa kushirikiana na Justdiggit la Uholanzi.

Kazi yenyewe ni hii. Kiangazi, zungukia shamba utafute visiki vinavyochipua. Katika kila kisiki chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, mengine uyakate kwa panga kali au mkasi ukianzia chini kwenda juu ili gome lisichanike. Yale uliyoyaacha pogoa matawi ya chini, lakini usipite nusu ya kimo chake. Funga kitambaa chenye rangi, ili anayelima au anayechunga ajue mti huu una mwenyewe. Halafu rudi kila baada ya miezi michache kupogoa machipukizi mapya. Vijiti ulivyokata havitupwi, vinatosha kuni za siku mbili tatu, na majani yake yalaze chini ya mti.

Mwaka wa kwanza utakuwa na fimbo. Mwaka wa tatu utakuwa na kivuli cha kula chakula cha mchana.

Miti haitapunguza mazao yangu kwa kivuli?

Ikisongamana, itapunguza. Ndiyo maana unachagua visiki vya kuacha na unapogoa. Ukiupata mkababu, ule mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua majani kiangazi, ushukuru. Mahindi hupata jua lote msimu wa kilimo, majani yake huanguka kama mbolea, na maganda yake mbuzi wanayapenda sana.

Kwa nini tusiendelee na kampeni za kupanda miti?

Pandeni, hasa matunda nyumbani na mahali ambapo hakuna kisiki hata kimoja. Ila mche wa kitalu unahitaji maji, uzio na mtu wa kuuangalia miezi saba ya ukame. Nimehudhuria siku ya upandaji miti yenye ngoma, hotuba na mabango, na Agosti iliyofuata nilihesabu kwenye uwanja uleule vijiti vikavu vilivyosimama kwa mistari mizuri. Iliniuma. Kisiki tayari kina mizizi iliyofika kwenye unyevu, wewe unachodaiwa ni ulinzi tu.

Makinga maji huchimbwaje? Ninahitaji mtaalamu?

Huhitaji mashine wala darubini ya mpima ardhi. Unahitaji fremu ya A: fito mbili za meta mbili zilizofungwa juu, fito moja ya kukata katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia toka juu. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa fito ya kati. Igeuze miguu ibadilishane nafasi palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Sasa tembea nayo shambani kama bikari, kila mguu unapotua na kamba imekaa katikati, chomeka kijiti. Mstari wa vijiti utakaoupata utapindapinda kufuata umbo la ardhi. Usiunyooshe ili upendeze.

Kwenye mstari huo chimba mfereji wa takriban sentimita 60 upana na 60 kina, na udongo uurushe upande wa juu. Ndiyo maana huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili linatumika hata kwenye vitabu vya wataalamu wa nje. Juu ya tuta panda nyasi za mabingobingo au vetiva, zishike udongo na kulisha ng'ombe. Miaka ikipita, udongo unaoteremka hujikusanya nyuma ya tuta na shamba linajisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Kwa mvua haba kama ya Dodoma, acha visiki vya udongo ndani ya mfereji kila baada ya meta chache ili maji yatulie na kuzama. Mteremko ukizidi, mistari ikaribiane.

Anza juu kabisa ya mteremko. Ukianza chini, mvua kubwa ya kwanza itayakuta matuta yako machache na kuyabomoa yote, nawe utaapa hutarudia. Kama juu yako kuna shamba la mtu mwingine, kazi yako ya kwanza ni kwenda kuongea naye.

Wamatengo wa Mbinga wana njia yao, ngoro. Wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanazifunika kwa udongo unaochimbwa katikati, na mlima mzima unakuwa kama sega la asali, kila shimo likinywa maji yake. Wanalima hivyo kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya miaka mia moja.

Korongo langu limeshakuwa kubwa kuliko nyumba. Nilijaze takataka?

Hapana. Takataka zitasombwa na mvua moja na kumfikia jirani. Korongo hukua kwa kurudi nyuma kupandia mlima, pale penye kichwa chake, ambapo maji huangukia kama maporomoko na kukwangua chini. Kwa hiyo kwanza yageuze maji yasifike kichwani, kwa kinga maji iliyochimbwa juu yake. Pili, ndani ya korongo weka vizuizi vidogo vingi vya mawe au vya miti na matawi, kuanzia juu, kila kimoja katikati kiwe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Ukikifanya bapa, maji yatakula kingo na utaongeza upana. Nyuma ya vizuizi tope litatuama. Panda humo nyasi, katani, minyaa. Mifugo isiingie.

Kwa korongo kubwa sana usitegemee kulifuta. Lengo ni lisimame hapo lilipo.

Nina mbuzi arobaini. Mnataka niwauze?

Sitaki. Ninataka wasipite mahali pamoja kila siku ya mwaka. Tenga vipande vitatu au vinne, wachungwe kimoja huku vingine vikipumzika. Kata nyasi Aprili zikiwa bado na nguvu, zikaushe, uzitunze juu ya dari la banda, maana nyasi za Septemba ni kama kulisha kamba. Mabua ya mahindi na mtama, badala ya kuyachoma, mengine wape mifugo na mengine yabaki shambani kufunika udongo.

Mkaa utaachwaje wakati mjini unanunuliwa kila siku?

Si mti wote unaoishia kwenye gunia. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo moja ya mkaa kwa kilo tano hadi kumi za kuni, zinazobaki zinapotea kwa moshi. Tanuri lililoboreshwa na kupangwa vizuri, kuni zikiwa zimekauka, linaweza kukaribia kilo tatu au nne za kuni kwa kilo moja. Anayechoma kwa kibali afundishwe hilo, na avikate visiki bila kuving'oa wala kuvichoma, kwa kuwa miti mingi ya miombo huchipua tena.

Upande wa jikoni, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Ninauunga mkono. Lakini mama lishe anayenunua mkaa wa kopo moja hawezi kununua mtungi wote wa gesi kwa mkupuo, na bila kumtatulia hilo, lori litaendelea kuja kijijini.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa. Lakini silaha mliyonayo karibu zaidi ni sheria ndogo za kijiji. Halmashauri ya kijiji huzipendekeza, mkutano mkuu wa kijiji huzijadili, na halmashauri ya wilaya huzipitisha. Humo mnaweza kuweka msimu wa kufunga malisho, njia za mifugo, faini ya kuchoma moto, na mahali pa kuchota mchanga mtoni, jambo ambalo tangu Dodoma ianze kujengwa kwa kasi limekuwa donda kwenye mito mingi ya jirani. Nendeni na daftari la mahudhurio. Sheria ndogo nyingi hukwama kwa sababu akidi haikutimia.

Nianze lini, na na nini?

Kama unasoma haya kati ya Juni na Oktoba, anza na visiki, kwa sababu majani yamepungua na unaviona. Tengeneza fremu ya A wiki hiyohiyo na upime kinga moja ya juu kabisa, moja tu, uichimbe kabla mvua hazijaanza. Kama mvua zimeshaanza, vaa buti uingie shambani wakati inanyesha, ufuate maji yanakotoka na yanakokwenda, na kila yanapojikunja au kuongeza kasi uchomeke kijiti. Vijiti hivyo vikibaki hadi kiangazi, utakuwa tayari na ramani ya kazi ya mwaka ujao.